Kuhamia Ulaya au Kanada ukiwa na pumu: mwongozo kamili kwa anayeondoka Goma

Wengi wenye pumu wanaoondoka Goma hufika Ubelgiji, Ufaransa au Kanada kati ya Juni na Agosti, huko kukiwa na jua. Wanapumua vizuri kuliko walivyozoea nyumbani. Hakuna moshi wa makala, hakuna vumbi jeusi la lava barabarani, hakuna harufu ya volkano ya Nyiragongo upepo ukigeuka. Wanaamini asma imebaki Kongo, wanaacha dawa. Mwezi wa Septemba au Novemba wanapelekwa hospitali na ambulansi, pompi mkononi tupu.

Kosa hilo linarudiwa na watu wenye akili timamu, kwa sababu linafanana na kupona. Pumu haikuisha. Vichochezi vya zamani vimeondoka, vipya havijafika bado.

Mwongozo huu unaanza miezi 3 kabla ya safari na kuishia baada ya baridi ya kwanza. Dozi zinaandikwa na daktari wako. Hapa utapata mpangilio, sababu zake, na mahali ambapo mambo huharibika.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pompi ya kinga, yaani dawa ya kuvuta kila siku yenye kotikosteroidi, kama beclometasone au budesonide, peke yake au pamoja na formoterol. Iwe ya miezi 3.
- Pompi 2 za kuokoa za salbutamol, mikrogramu 100 kwa kila mpulizo. Moja inakaa mfukoni, nyingine ni akiba.
- Chemba, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pompi na mdomo. Kama hukipati, tutatengeneza kimoja kwa chupa ya maji ya ml 500.
- Kipima-pumzi, bomba dogo lenye namba ambalo unalipuliza kwa nguvu, pamoja na daftari.
- Barua ya daktari kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza kama ndiyo lugha ya unakoenda. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la ugonjwa, majina halisi ya dawa (siyo ya kampuni), dozi, vitu vinavyokudhuru, na mara ngapi umelazwa au kupewa vidonge vya prednisolone.
- Ordonansi (karatasi ya dawa ya daktari) yenye majina hayohayo, kadi ya chanjo, na majibu ya X-ray au ya makohozi kama unayo.
- Kiboksi kigumu au kifuko cha kitambaa cha kuwekea dawa. Usitumie sashe. Ukivuka Grande Barrière kwenda Kigali, mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda na itachukuliwa mpakani, na dawa zako zitabaki zikitapanyika ndani ya begi.
- Skafu pana ya kufunika pua na mdomo.

Hesabu ya pompi ni rahisi, na watu wengi hawaifanyi. Pompi nyingi zina mipulizo 200. Kama umeandikiwa mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni, unatumia 4 kwa siku, kwa hiyo pompi moja inadumu siku 50. Siku 90 zinahitaji mipulizo 360: pompi 2. Andika tarehe ya kuifungua juu ya chuma chake kwa kalamu isiyofutika. Ile tabia ya kutumbukiza pompi majini kuona kama inaelea haikuambii ukweli, na maji huziba tundu la dawa.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni pumu, kisha anza dawa ya kila siku (miezi 3 kabla)

Siyo kila kifua kinachopiga mluzi ni pumu. Kwetu Kivu, kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kinahitaji kwanza kipimo cha makohozi cha kifua kikuu. Moyo uliochoka na hata minyoo inayopita mapafuni vinaweza kufanana na pumu. Pumu yenyewe ina alama zake: inakuja na kuondoka, inazidi usiku au alfajiri, inachochewa na moshi, mafua, mazoezi au baridi, na salbutamol inaituliza ndani ya dakika chache.

Ikithibitishwa, mwombe daktari pompi ya kinga. Hapa ndipo wengi wanakwama. Farmasi nyingi zitakuuzia salbutamol ya kuvuta, vidonge vya salbutamol au aminophylline, na dexamethasone ya kutuliza haraka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoshika ugonjwa siku hadi siku.

Salbutamol hulegeza misuli iliyokaza kwenye njia za hewa kwa saa 4 hadi 6. Uvimbe ulio ndani haiugusi. Kuitumia peke yake ni kuzima mwali na kuacha kaa jekundu chini ya majivu. Kwa sababu hiyo, tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamol pekee.

Kotikosteroidi ya kuvuta inahitaji siku kadhaa kuanza kuonekana na wiki nyingi kufika mwisho wa kazi yake. Anayesubiri kuianza baridi ikishafika amechelewa.

Onyo. Utasikia kwamba pompi "inazoesha", kwamba ukiianza hutaiacha hadi kufa. Dawa ya kuvuta haileti uraibu. Mtu anaihitaji kwa muda mrefu kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa muda mrefu. Kinachotisha ni kumaliza salbutamol haraka: pompi 3 au zaidi kwa mwaka ni dalili ya hatari ya mashambulio, na pompi 12 kwa mwaka ni hatari ya kifo.

Kama safari yako inapitia uchunguzi wa afya wa OIM (shirika la kimataifa la uhamiaji), taja pumu. Haiambukizi. Ukiificha, faili lako litafika ng'ambo bila neno hata moja juu ya dawa unazohitaji.

Umefaulu ikiwa wiki 4 kabla ya safari unalala usiku kucha bila kuamshwa na kifua.

## Hatua ya 2: Jifunze kuvuta dawa vizuri

Usiruke hatua hii hata kama umetumia pompi miaka 10. Watu wengi hupuliza dawa kwenye ulimi na ukuta wa koo, kisha wanasema dawa ya Goma ni dhaifu. Inayoingia mapafuni ni kidogo sana.

Pompi ya mvuke ikiwa na chemba:

1. Toa kifuniko, angalia kama kuna takataka ndani, tikisa pompi kwa sekunde 5. Kama ni mpya au haijatumika siku nyingi, puliza mara 2 hewani kwanza.
2. Ichomeke kwenye chemba. Kaa wima au simama.
3. Toa pumzi yote taratibu.
4. Funga midomo kuzunguka mdomo wa chemba. Kusiwe na upenyo.
5. Bonyeza mara moja.
6. Vuta polepole, kwa sekunde 3 hadi 5, kisha shikilia pumzi kwa sekunde 10. Usipoweza, au kama ni mtoto, avute na kutoa pumzi ya kawaida ndani ya chemba mara 5 au 6.
7. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, rudia kwa mpulizo wa pili.
8. Baada ya pompi ya kinga, sukutua mdomo kwa maji na uyateme. Usipofanya hivyo utapata utando mweupe mdomoni na sauti ya kukwaruza.

Kosa la kwanza ni kubonyeza mara 2 au 3 kwa pamoja ndani ya chemba. Matone yanagongana, yanakuwa makubwa na kubaki kwenye plastiki. La pili ni kuvuta kwa kasi. Ukiona mvuke unatoka puani au pembeni mwa mdomo, mpulizo huo umepotea. Ladha kali ulimini inasema hivyo hivyo.

Kutengeneza chemba kwa chupa. Chukua chupa ya maji ya ml 500, safi. Weka mdomo wa pompi kwenye kitako cha chupa na uuchore kwa kalamu. Pinda waya mgumu ufuate mchoro huo, upashe moto hadi uwe mwekundu, ugandamize kwenye kitako mpaka utoboe. Fanya hivyo nje, kwa sababu moshi wa plastiki wenyewe utakuletea shambulio. Bora kazi hii afanye mtu asiye na pumu. Tundu libane mdomo wa pompi pande zote, na kama kuna mwanya, zungushia plasta. Mdomo wa chupa ndio unaoweka kinywani.

Ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, usiisuuze ndani, iache ikauke yenyewe bila kufutwa. Plastiki iliyofutwa kwa kitambaa inapata umeme unaonasa dawa ukutani. Chupa hii imepimwa kwa watoto na ikafanya kazi vizuri kama chemba za dukani. Mtoto chini ya miaka 4 anahitaji chemba yenye kinyago.

Pompi ya unga. Ulaya na Kanada unaweza kubadilishiwa dawa ukapewa kifaa cha unga. Hiki kinavutwa kinyume kabisa: kwa nguvu, haraka na kwa kina tangu mwanzo, bila chemba, na hakitikiswi. Usitoe pumzi ndani yake, maana unyevu unagandisha unga. Mwombe mfamasia akuoneshe, kisha umwoneshe wewe mbele yake. Hiyo ni kazi yake na haina malipo.

## Hatua ya 3: Jua namba zako

Kila Jumapili jiulize maswali 4 juu ya wiki 4 zilizopita:

- Je, nilibanwa mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki?
- Je, niliamka usiku hata mara moja kwa sababu ya kifua?
- Je, nilihitaji pompi ya kuokoa zaidi ya mara 2 kwa wiki?
- Je, niliacha kazi au shughuli yoyote kwa sababu ya pumu?

"Hapana" 4 ni pumu iliyoshikwa vizuri. "Ndiyo" 1 au 2, imeshikwa nusu. "Ndiyo" 3 au 4, haijashikwa: usisafiri kabla ya kumwona daktari.

Kama una kipima-pumzi, puliza mara 3 asubuhi na mara 3 jioni ukiwa umesimama, andika namba kubwa. Fanya wiki 2 ukiwa mzima ili upate namba yako bora. Tuseme ni 400. Kuanzia 320 (asilimia 80) uko kijani. Kati ya 200 na 320 ni njano: fuata mpango wa daktari na umtafute. Chini ya 200 (asilimia 50) ni nyekundu, ni dharura.

Ukifika ng'ambo, pima namba bora upya. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kimo hubadilisha kidogo kile ambacho vifaa hivi vinasoma.

## Hatua ya 4: Safari yenyewe

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari. Begi la chini ya ndege linaweza kupotea. Pompi moja ya salbutamol ikae mfukoni, siyo kwenye kabati la juu ya kiti.

Hewa ndani ya ndege inalingana na ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Kwa mtu wa Goma au Bukavu tofauti ni ndogo. Wa Kinshasa ataihisi zaidi, lakini pumu iliyotulia inavumilia. Kinachosumbua ni ukavu wa hewa na virusi vya abiria wengine. Kunywa maji mara kwa mara, vaa barakoa kama jirani anakohoa.

Usibadilishe saa za dawa kwa sababu ya saa za nchi. Endelea kila baada ya saa 12, kisha usogeze taratibu ukifika.

Kama umetoka kwenye shambulio zito siku chache zilizopita, muulize daktari kabla ya kupanda ndege. Kuahirisha tiketi ni hasara inayolipika.

## Hatua ya 5: Wiki 2 za kwanza, tafuta daktari

Lengo ni kuwa na ordonansi ya huko kabla pompi ya kwanza ya kinga haijaisha. Miadi inaweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo omba wiki ya kwanza, hata kama unajisikia vizuri.

- Ubelgiji: jiandikishe kwenye mutuelle (bima ya afya) mara tu unapopata haki hiyo, chagua daktari wa familia na umwombe afungue dossier médical global, yaani faili lako lote la afya. Ukiwa mwombaji hifadhi katika kituo cha Fedasil, pitia huduma ya afya ya kituo.
- Ufaransa: tangaza médecin traitant wako, yaani daktari wako wa kawaida.
- Kanada: wakimbizi na waombaji hifadhi wana mpango wa afya wa serikali kuu uitwao PFSI. Peleka karatasi yake kila farmasi. Québec, anzia CLSC, kituo cha afya cha mtaa wako.
- Marekani: salbutamol inaitwa albuterol, na paracetamol inaitwa acetaminophen. Mfamasia asipoelewa neno lako, onesha barua.

Usitegemee rangi ya pompi. Buluu ni ya kuokoa katika nchi nyingi, lakini siyo zote. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Mwambie daktari mambo haya, hata asipouliza. La kwanza, kama aspirini, ibuprofen au diclofenac ziliwahi kukubana kifua. La pili, dawa yoyote ya presha au ya matone ya macho unayotumia, maana baadhi hufunga njia za hewa. La tatu, kwamba umetoka Kongo. Kuna mnyoo uitwao Strongyloides unaoweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na vidonge vya prednisolone vinaweza kuuamsha kwa ukali. Madaktari wengi wa kaskazini hawaufikirii. Kipimo cha damu kinatosha. Hata hivyo, kwenye shambulio zito usikatae prednisolone kwa ajili hiyo: kwanza upumue.

## Hatua ya 6: Nyumba

Kabla ya kusaini mkataba, nusa. Nyumba yenye harufu ya udongo uliolowa ina ukungu. Angalia pembe za chumba cha kulala, nyuma ya kabati, chini ya madirisha. Rangi mpya kwenye pembe moja tu mara nyingi imefunika madoa meusi. Sakafu ya mbao au ya plastiki ni bora kuliko zulia lililogundishwa.

Utitiri wa vumbi unaishi kwenye magodoro na mito, na unapenda unyevu. Godoro la kupewa au la kuokota barabarani lina miaka ya utitiri ndani yake. Kama huna jinsi, lifunike kwa mfuniko maalum wenye zipu. Osha mashuka kila wiki kwa nyuzi 60: kwa nyuzi 30 utitiri unaoga tu.

Unyevu uwe kati ya asilimia 30 na 50. Kipima-unyevu kidogo cha ukutani hakigharimu sana. Familia kubwa kwenye fleti ndogo, masufuria yanayochemka, nguo za watoto zikining'inia sebuleni: hivyo vyote vinaingia ukutani na kuzaa ukungu. Fungua madirisha dakika 10 asubuhi na jioni, hata kwenye baridi. Kanada kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, dakika 5 zinatosha. Kinyume chake, mitambo ya kupasha nyumba joto ikikausha hewa hadi chini ya 30, koo litawasha. Mashine ya mvuke isafishwe kila siku, la sivyo inakupulizia ukungu.

Jikoni. Ukikaanga sambaza au samaki mkavu, washa kifyonza-moshi kilicho juu ya jiko kabla mafuta hayajapata moto, funga mlango wa vyumba, fungua dirisha. Moshi wa mafuta yaliyoungua unafunga kifua vizuri tu kama wa makala. Ubani na mishumaa yenye harufu viache.

Onyo kubwa. Usiwashe mbabula ya makala ndani ya nyumba, hata mlango ukiwa wazi, hata bili ya joto ikikutisha. Nyumba za huko zimezibwa kila upande, na gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu. Inaua familia nzima usingizini.

## Hatua ya 7: Usiache dawa ya kinga. Soma hatua hii mara 2

Huu ndio mtego wenyewe. Angalia jinsi mwaka unavyokwenda:

Septemba. Watoto wanarudi shule na virusi vya mafua vinazunguka. Kanada, watoto wenye pumu hulazwa zaidi kuanzia katikati ya mwezi huu. Kama mtoto aliacha pompi ya kinga wakati wa likizo, airudie angalau wiki 2 au 3 kabla ya shule kufunguliwa. Québec na Ontario kuna pia chavua ya mmea wa ambroisie, kuanzia Agosti hadi barafu ya kwanza.

Oktoba na Novemba. Pata chanjo ya mafua. Madirisha yanafungwa, joto linawashwa kwa mara ya kwanza na vumbi la mwaka mzima linaungua juu ya vyuma vya kupasha joto. Futa vyuma hivyo kwa kitambaa chenye maji kabla.

Desemba hadi Februari. Baridi kavu na virusi. Mjini Brussels ni nyuzi chache juu ya sifuri, na mvua. Montréal mara nyingi ni nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi.

Machi hadi Julai. Chavua: kwanza miti, hasa bouleau mwezi Aprili, kisha majani kuanzia Mei. Mwili unachukua msimu mmoja au zaidi kujenga aleji kwa chavua ambayo haikuijua. Ndiyo maana mwaka wa kwanza unaweza kupita salama, wa pili au wa tatu ukakushangaza kwa macho kuwasha na kifua kubana. Ukiona hivyo mwambie daktari. Pua isiyotibiwa inavuruga pumu.

Kiangazi Kanada. Moshi wa misitu inayoungua. Mwaka 2023 ulifunika miji mikubwa iliyo mbali sana na moto. Angalia kipimo cha ubora wa hewa kwenye simu: Kanada, kuanzia 7 punguza kazi za nje, Marekani, kuanzia 101 hewa inawadhuru wenye pumu. Funga madirisha.

Ukitazama orodha hii, mwezi usio na kichochezi haupo. Weka pompi ya kinga karibu na mswaki, uvute kabla ya kupiga mswaki. Kusukutua kunakuwa tayari sehemu ya kazi.

## Hatua ya 8: Kutoka nje kwenye baridi

Hewa baridi na kavu inanyonya maji kwenye njia za hewa, nazo zinajibu kwa kukaza. Pua ndiyo inayopasha hewa joto, kwa hiyo vuta kwa pua. Ukikimbilia basi huku mdomo wazi, umejitafutia.

Funga skafu juu ya pua na mdomo kabla ya kufungua mlango. Ikilowa kwa pumzi, geuza upande. Toka dakika 5 mapema ili usikimbie. Kama baridi au kusukuma theluji hukubana kila mara, daktari anaweza kukuruhusu kuvuta pompi dakika 10 hadi 15 kabla.

Pompi ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Chuma kikiwa baridi sana kinatoa dawa pungufu. Kama kimeganda, kipashe kwa viganja. Usikiweke juu ya kipasha-joto wala jikoni, kinaweza kulipuka.

## Kama umepata kazi ya usafi, ya mikate au ya kiwandani

Kazi za kwanza za wageni wengi ni hizi, na ndizo zinazochochea pumu. Dawa za kupuliza za usafi, javeli (maji ya klorini), unga wa ngano, vumbi la maghala. Kamwe usichanganye javeli na siki au na dawa yenye amonia: gesi inayotoka inaweza kukulaza hospitali. Pendelea kumimina kwenye kitambaa badala ya kupuliza.

Dalili ya kuangalia: unabanwa siku za kazi, unapumua vizuri siku za mapumziko. Andika tarehe kwa wiki 3 na umpelekee daktari. Usiache kazi wala kunyamaza kabla ya kumwona, kwa sababu ugonjwa unaotokana na kazi una haki zake kisheria, na ushahidi unaanza na daftari hilo.

## Hatua ya 9: Shambulio likija

Bandika maelekezo haya kwenye mlango wa friji, na mwoneshe unayeishi naye.

1. Kaa wima. Usilale. Legeza nguo.
2. Vuta salbutamol mpulizo 1 kwenye chemba, pumua mara 4. Fanya hivyo hadi mipulizo 4.
3. Ngoja dakika 4.
4. Hakuna nafuu? Vuta mingine 4.
5. Bado? Piga simu: 112 nchi za Umoja wa Ulaya (Ufaransa pia 15), 911 Kanada na Marekani, 999 Uingereza. Endelea na mipulizo 4 kila dakika 4 hadi wafike.

Kama pompi yako ya kuokoa ni ya budesonide na formoterol, hesabu ni tofauti: fuata karatasi ya daktari.

Piga simu papo hapo, bila kungoja, ukiona mojawapo ya haya: hawezi kumaliza sentensi, midomo ina rangi ya buluu au kijivu, ngozi inaingia kati ya mbavu, amesinzia au amechanganyikiwa. Kifua kilichokuwa kinapiga mluzi kikinyamaza huku mtu bado anahangaika, hiyo ni hatari kubwa zaidi: hewa haipiti tena.

Usiogope bili, lugha wala karatasi. Sema "asthme" na anwani, kisha "swahili". Miji mingi ina wakalimani kwenye simu. Maombi yaendelee, lakini simu ipigwe kwanza.

Hata ukipata nafuu nyumbani, mwone daktari ndani ya siku 1 au 2. Uvimbe unabaki, na shambulio la pili mara nyingi hufuata.

## Hatua ya 10: Kupunguza dozi

Inawezekana, na daktari mzuri atataka kufika huko. Sharti ni miezi 3 mfululizo ya "hapana" 4 kwenye maswali ya Hatua ya 3. Usianze Septemba inapokaribia, katikati ya baridi, ukiwa na mimba au wakati wa kuhama nyumba.

Dozi inapunguzwa kwa robo hadi nusu, kisha unaangalia kwa miezi 3 mingine ukiwa na kipima-pumzi. Namba ikishuka chini ya asilimia 80, au usiku mmoja ukakuamsha, rudi kwenye dozi ya mwanzo na umpigie daktari simu. Mtu mzima hapunguzi mpaka sifuri kabisa: anabaki na dozi ndogo inayomtosha, na ordonansi ambayo haijapita tarehe.